Chupa Iliyosuuzwa

Simu ya Anastela ilinikuta nachemsha maji, na wanaonifahamu hawatashangaa, kwa sababu simu yoyote inayonikuta nyumbani hunikuta nachemsha maji. Nina mgahawa mdogo huku Mazimbu. Wanafunzi wa chuo huja kula ugali na dagaa, na wamenipa jina la Bi Chemsha wakidhani silijui. Anastela alizungumza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Shikamoo dada Zainabu. Mama amepumzika. Tunazika kesho, baada ya misa ya saa nne." Nikaitikia, nikampa pole, nikauliza kama wamepata watu wa kuchimba kaburi, swali ambalo mtu huliuliza akiwa hana la kuuliza. Kisha nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda, nikagundua kwamba naogopa. Mama Koleta, mama yake Anastela, alikuwa amekula chumvi nyingi, kifo chake hakikuwa cha kushtua. Kilichoniogopesha ni kwamba kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia, nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na sasa asubuhi ya kumwambia ilikuwa imepita.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi wa maabara ya maji mjini Morogoro, na nilijiona msomi kuliko mji mzima. Zilikuwa enzi za ruksa. Sabuni ambayo utotoni tuliipanga foleni sasa ilijaa madukani, mitumba ilimwagwa chini sokoni mtu akachagua apendacho, na wakati huohuo viwanda vilikuwa vinafunga milango kimoja baada ya kingine na wafanyakazi wa serikali walikuwa wanapunguzwa. Nilipanga chumba Kilakala, kwa Mama Shukuru, ambaye mumewe alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kiwandani na sasa alishinda uani akitengeneza redio ileile kila siku. Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika darini, kwa hiyo chakula chao nilikijua kwa harufu na maneno yao niliyasikia yote. Mchana mmoja, nikiwa nimerudi kula mlenda wangu wa jana, nilimsikia huyo baba akimwambia mkewe, "Huyu binti naye ajiandae. Wa ofisi za maji orodha yao inatoka kabla ya masika. Wanaanza na vijana, na wale wenye makosa kwenye faili." Mama Shukuru akamwambia ashushe sauti. Mlenda ulinishinda. Tangu siku hiyo kila bahasha iliyoingia ofisini niliitazama mara mbili.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza ya saruji, jiko la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama mlima. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mhando, mtu wa Tanga, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Kazi ilikuwa hivi. Chupa za kioo tulizichemsha kwa mvuke mpaka zikatakata, tukazifunga karatasi ya kaki na uzi, na hazikufunguliwa mpaka mkono uko juu ya maji yanayopimwa. Maji yakipita kwenye kichujio chembamba, vijidudu vilibaki juu yake. Kichujio kile tulikilaza kwenye kitambaa chenye lishe nyekundu, tukakiweka ndani ya sanduku la joto, na kesho yake kama kuna vijidudu vinavyotoka tumboni mwa mtu au mnyama, vilijionyesha kama madoa ya njano. Maji yanaweza kung'aa na kuwa matamu, na bado yakatoa njano. Bwana Mhando alikuwa na amri moja aliyoirudia hadi ikatuchosha: "Chupa haifunguliwi kwa ajili ya mtu. Inafunguliwa kwa ajili ya maji." Nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu, tunacheka.

Kiangazi kikielekea mwisho nilitumwa Matombo na gari la mradi kupima chemchemi moja iliyotoka kwenye mwamba, juu ya nyumba zote, penye migomba na mashelisheli. Mradi ulikuwa wa wafadhili na ulikuwa na kanuni: chanzo chenye njano kinapigwa rangi nyekundu na kufungwa mpaka kitakapojengewa. Nyumba iliyotupokea ilikuwa ya Mzee Paulini, katekista, na mkewe Mama Koleta. Sikuwahi kuona jikoni kusafi kama kule. Sakafu ya udongo imepigwa hadi inateleza, sufuria zimesuguliwa majivu, mtungi umekaa juu ya kata ya majani pembeni, na juu ya mtungi bakuli la kuchotea. Walitukaribisha shelisheli la kuchemsha na chai ya mchaichai yenye mdalasini. Anastela, msichana wa darasa la sita wakati huo, alikaa mlangoni akinitazama koti langu jeupe. Mzee Paulini aliniuliza mambo mengi kuhusu vijidudu, moja baada ya jingine, na kila nililojibu alilirudia kwa mkewe kana kwamba yeye hakulisikia, naye yupo pale pale.

Ukoo wa Mama Koleta ndio uliotunza chemchemi ile, na kwao chombo kilichotoka nje hakikutiwa majini kabla ya kusuuzwa na mwanamke wa ukoo, uani kwake, kwa mkono wake. Sikulijua hilo. Niliposimama kuaga niende majini, Mama Koleta alinyoosha mkono, akachukua chupa yangu mezani, akafungua uzi, akachana karatasi ya kaki. "Binti, chupa yako imebeba vumbi la barabara nzima hii," alisema akitabasamu. Akachota maji ya ndoo, akaisuuza mara tatu, akaitia kidole ndani, akaupangusa mdomo wa chupa kwa pindo la kanga, akanirudishia kwa mikono miwili. Nilifungua mdomo kusema hapana. Nilimwona Mzee Paulini anavyomwangalia mkewe kwa fahari, nikaona wanawake wawili majirani wamesimama, wanangoja nishukuru. Dereva alikuwa akipiga honi. Nilikuwa na chupa nyingine ndani ya sanduku, ila kuitoa mbele yao ingekuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba mkono wake mchafu. Nikasema, "Ahsante, mama." Nikajifariji njiani kwamba maji mengi ya chemchemi yataikosha. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo pale ilipohitajika.

Kesho yake nilifungua sanduku la joto na kitambaa kilikuwa na njano tele. Bwana Mhando alikisogeza dirishani, akakitazama kwa muda mrefu. "Chemchemi ya kwenye mwamba, juu ya nyumba," alisema, kama anayeongea na kitambaa. "Njano ya nini?" Kisha akanigeukia. "Zainabu, chupa ulifungulia wapi?" Hapa ndipo ninaporudi kila ninapokosa usingizi, na sijapata namna ya kupapamba. Nilikumbuka maneno ya mume wa Mama Shukuru, wenye makosa kwenye faili. Nikasema, "Majini." Akataka turudie, lakini mafuta ya gari yalikuwa yamekwisha na mradi ulikuwa unaidai ripoti yake. Nikasaini. Wiki iliyofuata fundi wa mradi alipiga rangi nyekundu kwenye mwamba, na Mzee Paulini, nilikuja kuambiwa, alisimama baada ya misa akawatangazia watu kwamba wataalamu wamepima na serikali imesema, na akaenda mwenyewe kuizungushia chemchemi miba. Watu wakaanza kuchota mtoni, chini ya mashamba, chini ya vyoo, chini ya mazizi ya mbuzi.

Wiki tano nilikwenda kazini na kurudi. Nikila, nakula. Nikiulizwa habari, nasema nzuri. Lakini mvua za vuli zilipoanza kupiga mabati ya Kilakala nilianza kuamka usiku kuzisikiliza, kwa sababu nilijua mvua ya kwanza inafanya nini milimani. Inafagia kila kilichoachwa juu ya ardhi tangu kiangazi na kukishusha mtoni. Nilijua pia kwamba maji hayachafuki mahali pamoja tu. Yanaweza kutoka salama kwenye mwamba yakaharibikia ndooni, kwenye bakuli la kuchotea, kwenye kidole cha mtu msafi kabisa. Niliyajua yote hayo kwa mtihani na nilikuwa nimeyapata kwa alama nzuri. Jumamosi moja sokoni, mwanamke aliyekuwa akishusha ndizi kutoka lori la Matombo alimwambia mwenzake, mimi nikiwa nimeinamia mkungu, "Kule watu wanahara, shoga, wanabebwa kwa machela. Mto umekuwa kama uji wa ulezi. Na chemchemi yetu si wameifunga hawa wa maji?" Nikaacha ndizi pale. Sikumbuki nilifikaje ofisini, na ilikuwa Jumamosi, lakini Bwana Mhando alikuwepo, maana nyumbani kwake nako hakukuwa na la kufanya.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikemea. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Alikusuuzia," alisema. "Nawe ukaona haya." Nikasema ndiyo. Kisha akaenda kabatini, akatoa chupa tatu zilizofungwa kaki, akaziweka mbele yangu. "Mbili chemchemi, moja mtoni. Gari halina mafuta, lakini malori ya ndizi yanarudi tupu leo. Nenda." Nikamuuliza kama nikifika niwaambie warudi chemchemi. Akaniuliza, "Unajua kwamba ni safi, au unatumaini?" Nikazikusanya chupa. Akasema, "Basi waambie wachemshe. Ulishawaambia jambo usilolijua mara moja."

Nilifika Matombo nimelowa. Mzee Paulini alikuwa amelazwa chumbani, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Mama Koleta alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na nilipouliza kama maji yamechemshwa alinionyesha kuni zilizolowa zinafuka moshi bila kushika moto. "Tunachemsha zikikubali," alisema. Mzee alinitambua kwa lile koti. Alijaribu kuinuka, nikamshika bega. "Binti wa maji," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Tumetii. Hata mtu mmoja hajavuka ile miba." Niliitikia kwa kichwa. Nilitoka mbio hadi uani, nikasimama kwenye mvua, nikashika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama Koleta alinifuata. Alikuwa amechoka, usiku mwingi hakulala, lakini mgeni alikuwa na chupa mkononi na anakwenda majini, na yeye alikuwa mwanamke wa ukoo. Akanyoosha mkono kuichukua. Nikarudi hatua nyuma. "Mama," nilisema, "leo naomba nisisuuziwe." Mkono wake ulibaki pale pale hewani. Aliitazama chupa, akaitazama ile karatasi ya kaki ambayo safari ya kwanza aliichana mwenyewe, akanitazama usoni. Akaufuta mkono kwenye kanga, ingawa ulikuwa mkavu, akarudi ndani kwa mumewe. Nilipanda mpaka kwenye mwamba, nikapita chini ya miba ikanichana shingo, nikafungua chupa mkono wangu ukiwa juu ya maji, nikishika kitako tu, kama nilivyofundishwa.

Sampuli ziliingia kwenye sanduku la joto kesho yake asubuhi, na saa kumi jioni umeme ukakatika. Ilikuwa miaka ya mgao na hakuna aliyeshangaa, lakini mimi nilipiga yowe, la pekee nililowahi kupiga kazini. Sanduku likipoa tungelazimika kuanza upya, na kuanza upya ni siku mbili nyingine za watu kunywa mto. Bwana Mhando alitoka kwenda uani ambako Landrova la ofisi lilikuwa limeegeshwa bila mafuta, akafungua boneti, akarudi amekumbatia betri. Tulifunga nyaya kwenye sanduku. Mshale wa joto ulishuka kidogo, ukasimama, ukaanza kupanda. Tulikaa pale tukipokezana kuutazama, tukila mahindi ya kuchoma aliyoleta mlinzi, na katika saa zote zile hatukutaja orodha hata mara moja. Asubuhi nilifungua. Chupa ya mto ilikuwa imetoa njano ukingo hadi ukingo, huwezi kuhesabu. Zile mbili za chemchemi zilikuwa nyekundu tupu. Safi. Bwana Mhando akasukuma daftari mbele yangu. "Utaandika mwenyewe," alisema, "na ujue litasomwa." Niliandika: matokeo ya kwanza si sahihi, chupa ilichafuka kabla ya kufika kwenye chanzo, kosa la mchukua sampuli. Nikasaini kwa jina kamili.

Lori la ndizi lilinishusha Matombo mchana. Njia ilikuwa imejaa watu na wote walikuwa wanatembea upande mmoja, na nikajua kabla sijauliza. Mzee Paulini alikuwa amefariki alfajiri ya siku ile, wakati mimi nimekodolea macho mshale wa joto. Walipomaliza kuzika, mwenyekiti wa kijiji alinipa nafasi. Nilisimama mbele ya udongo mbichi nikasema kwamba chemchemi ni safi na ilikuwa safi tangu mwanzo, wang'oe miba leo, wafunike ndoo, wachote kwa kikombe chenye mkono mrefu, vidole visiguse maji. Nikasema kosa lilikuwa langu. Mwanamume mmoja akauliza, "Kosa gani, dada? Tueleze." Nikasema chupa ilichafuka. Akauliza, "Nani aliichafua?" Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na Mama Koleta katikati yao, kitambaa cheusi kichwani, Anastela amemlalia mapajani. Alikuwa ananitazama. "Mimi," nilisema. "Niliichafua mimi mwenyewe." Yule mwanamume akatema mate chini, akaenda zake kuing'oa miba, na wengine wakamfuata. Nilijivunia jibu lile. Niliamini nimemkinga mjane na kitu ambacho kingemmaliza, na kwa miaka mingi ndicho kitu pekee cha mwaka ule nilichoweza kukitazama bila kufumba macho.

Orodha ilitoka kabla ya masika na jina langu lilikuwemo. Bwana Mhando alinisindikiza hadi kwenye geti, akanipa mkono, akasema nilikuwa fundi mzuri. Sikupinga wala sikukata rufaa. Matombo sikurudi tena. Kila msimu wa mashelisheli lori liliniletea gunia kutoka kwa Mama Koleta, kwanza Kilakala, baadaye Mazimbu, nami nilirudisha sukari na sabuni, na mara nyingi niliketi na karatasi kumwandikia, nikaishia kwenye shikamoo. Ningeandika nini? Kama hajui, barua ingemuua. Nikaacha.

Kwa hiyo nilikwenda kumzika. Nyumba sasa ni ya matofali, mtungi hakuna, kuna ndoo yenye bomba juu ya kigoda na mfuniko umebanwa. Baada ya mazishi waombolezaji walipita mlangoni kunywa maji, na Anastela, sasa mama mtu mzima mwenye mvi zake, aliwasuuzia vikombe mmoja mmoja kwa mkono wake, kama ukoo wao ulivyozoea. Ilipofika zamu yangu hakuchukua kikombe kwenye beseni. Aliingia ndani, akatoka na kikombe kilichofunikwa kitambaa cheupe, kimeelekezwa mdomo chini, kikavu.

"Chukua, dada. Utateka mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini mimi peke yangu.

"Mama aliagiza. Alisema yule binti wa chupa akija asisuuziwe kitu, apewe kikombe kikavu."

"Aliagiza lini?"

"Siku tuliyomzika baba. Ulipoondoka tu." Alinitazama, akaona sura yangu, akaongeza kwa upole, "Kila mwaka alikuwa anakitoa, anakichemsha, anakifunika tena. Tukimuuliza sababu anasema wewe unaijua."

Nilifungua bomba. Watu nyuma yangu walikuwa wanangoja zamu yao na sikutaka wanione, kwa hiyo nilikijaza kikombe hadi juu na kunywa taratibu, nikiwa nimegeukia ukutani. Kumbe miaka yote ile alikuwa anajua, na alininyamazia kama nilivyomnyamazia.